Hakimu Aliyehesabu Siku Vibaya: sinema ya Awaara, bibi yangu, na kadi ya kliniki

SEHEMU YA 1: Alirudishwa kwao na begi moja

Niliahidi kuandika kuhusu namna ya kuhesabu umri wa mimba. Nimekaa nikafikiri, nikaona nikianza na hesabu mtanikimbia wote. Basi leo naanza na sinema ya Kihindi, tena ya zamani, ya mwaka 1951. Mnivumilie, mpaka sehemu ya mwisho mtaona kwa nini.

Kwanza niwaambie kilichonikumbusha hiyo sinema. Nimebadilisha tarehe na mambo mengine madogo ili mhusika asitambulike.

Alikuja kliniki mdada mmoja, mimba yake ya pili. Mara ya kwanza alikuja akiwa mchangamfu kabisa, nikampima, nikajaza kadi, akaondoka. Aliporudi, alikuwa mtu mwingine. Amekonda, macho yamevimba, hajibu swali mpaka umuulize mara mbili. Presha ambayo mara ya kwanza ilikuwa nzuri sasa imepanda. Nikamwambia kaa kwanza, pumzika, nitakupima tena. Ndipo akaanza kulia.

Mume wake amemrudisha kwao. Na begi moja. Sababu ni kadi niliyoijaza mimi mwenyewe kwa mkono wangu.

Nyie wa huku kwetu mnajua maisha ya mpunga. Msimu ukifika watu wanavuka kwenda shamba, mwingine anakaa huko miezi, analala kwenye dungu, analinda ndege, anavuna, ndipo anarudi mjini. Huyu baba alikuwa shamba, akarudi nyumbani katikati ya mwezi wa saba. Mwezi wa kumi na moja mke anakuja kliniki, nesi anaandika "wiki 20". Baba akachukua kalenda, akahesabu kurudi nyuma, akakuta wiki 20 zilizopita yeye bado yuko shamba. Hakuuliza mtu. Akamwambia mkewe: mwenye mimba yake mfuate huko.

Ile siku narudi nyumbani Katindiuka jioni, nimechoka, kichwani inanijia sauti ya bibi yangu akisimulia habari za hakimu wa Kihindi. Nikasema ni yuleyule. Huyu baba ni yule hakimu.

SEHEMU YA 2: Hakimu na mkewe

Sinema yenyewe inaitwa Awaara. Maana yake ni mzururaji, mtu asiye na kwao. Aliyeitengeneza na kuiongoza ni Raj Kapoor, na yeye mwenyewe ndiye anayeigiza kijana mkuu. Alikuwa kijana wa miaka 26 au 27 tu. Mwandishi wa hadithi anaitwa Khwaja Ahmad Abbas. Ni picha ya nyeusi na nyeupe, ndefu, karibu saa 3.

Wengi wanaikumbuka kama sinema ya mapenzi na nyimbo. Wengine wanasema ni sinema ya mwizi. Mimi nasema chanzo chake ni ndoa. Sikiliza.

Kuna hakimu anaitwa Raghunath. Mtu mkubwa, mwenye elimu na heshima. Ana imani moja, hata sisi tunayo kwenye methali: mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwake yeye, mtoto wa mtu mwema atakuwa mwema, na mtoto wa mwizi atakuwa mwizi, hakuna mjadala. Kwa imani hiyo alimfunga mtu aitwaye Jagga kwa kosa ambalo hakulifanya, kwa sababu tu baba yake alikuwa mhalifu. Jagga anatoroka jela, anakuwa jambazi kweli, na anaamua kulipa kisasi. Anamteka mke wa hakimu, Leela.

Sasa hapa ndipo pa kwetu. Jagga anagundua kwamba Leela ni mjamzito tayari. Anamwachia arudi kwa mumewe baada ya siku chache tu, maana ameshaona kisasi kizuri zaidi. Anajua watu watasema nini.

Na kweli wakasema. Mwanzoni hakimu anafurahi kusikia mkewe ana mimba. Halafu maneno yanaanza, ndani ya nyumba na nje. Mimba ya nani? Si alikuwa kwa majambazi? Hakimu, mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza ushahidi kabla ya kuhukumu, kwa mke wake mwenyewe hakusikiliza ushahidi wowote. Akamtoa nje usiku, mvua inanyesha. Leela akajifungua huko nje, mtoto wa kiume, Raj.

Mtazamaji aliyekaa kwenye kiti anajua ukweli tangu mwanzo. Ameona kwa macho yake kwamba mimba ilikuwepo kabla ya kutekwa. Kwa hiyo saa 3 zote unakaa unamwangalia mtu mzima amekosea hesabu, na huwezi kumwambia. Bibi yangu alisema wanawake walikuwa wanapiga kelele mle ndani: "Muulize mkunga wewe!"

Mtoto anakulia kwenye vibanda vya Bombay na mama maskini. Shule anasoma, lakini analazimika kutafuta chakula, anafukuzwa. Anayemchukua na kumfundisha wizi ni nani? Ni Jagga yuleyule. Umeona kisasi hicho? Mtoto wa hakimu anakuwa mwizi, na kilichomfanya mwizi siyo damu. Ni kutupwa.

Baadaye anakutana tena na rafiki yake wa shule, Rita, ambaye sasa ni mwanasheria na analelewa na hakimu huyohuyo. Mama yake Leela anakuja kugongwa na gari, na gari lenyewe ni la mumewe aliyemfukuza. Raj anajua ukweli wa baba yake wakati mama anakufa. Anataka kumuua hakimu, anakamatwa, na anayesimama mahakamani kumtetea ni Rita. Anamgeukia hakimu, anamuuliza maswali kama mtu mwingine yeyote: mkeo ulimfanya nini? Mtoto wako yuko wapi? Kijana anafungwa miaka 3, na Rita anasema atamsubiri.

Jambo moja la kufurahisha: anayeigiza hakimu ni Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj Kapoor kweli. Na Raj akiwa mtoto mdogo anaigizwa na mdogo wake, Shashi. Yaani baba na wanawe wawili wamekaa kwenye sinema moja kutuonyesha baba anayemkana mwanawe.

SEHEMU YA 3: Ilifikaje kwa bibi yangu?

Kuna mtu atauliza, bibi wa Ifakara aliiona wapi sinema ya Bombay? Swali zuri. Hapa ndipo historia yetu wenyewe.

Sinema kwenye pwani yetu ni ya siku nyingi. Unguja walikuwa na jumba lao, Royal, tangu 1921, limejengwa na mfanyabiashara Hassanali Adamjee Jariwalla. Miaka ya 1950 na 1960 Unguja mjini kulikuwa na Majestic, Empire na Sultana. Dar es Salaam kulikuwa na Empire, Avalon, Odeon na mengine. Mwaka 1966 Dar wakafungua hata ile Drive-In ya Msasani, watu wanaangalia picha wakiwa ndani ya magari. Leo pale pamejengwa ubalozi wa Marekani.

Serikali ya kikoloni nayo ilijaribu sinema zake. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika, makao yake Vugiri, kule Usambara. Wakapiga picha kuhusu kilimo, kodi, na magonjwa kama minyoo ya safura. Mimi kama nesi nazishukuru hizo za magonjwa. Lakini hakuna bibi aliyewahi kumsimulia mjukuu wake filamu ya minyoo. Watu walitaka hadithi, na hadithi waliipata kwa Wahindi.

Kwa nini Wahindi, na siyo Wazungu? Fikiria sinema za Kihindi zilikuwa zinauliza nini. Je, wazazi wachague mchumba au mtoto achague mwenyewe? Mkwe akae vipi na mama mkwe? Mke akisingiziwa, nani anasimama naye? Maskini anaweza kuoa kwa tajiri? Hayo ni maswali ya Uswahilini kabisa. Ni maswali ya Upogoroni na Undambani pia. Huku kwetu ndoa ilikuwa jambo la koo mbili, washenga wanatumwa, mahari inazungumzwa, na binti mara nyingine anaambiwa wa mwisho. Ukimwonyesha mtu kama huyo binti wa Kihindi analia kwa sababu ameambiwa wa mwisho, hahitaji kuelezwa.

Na wanawake walikuwa na nafasi yao. Unguja yalikuwepo maonyesho ya wanawake peke yao, ambapo mama na mabinti wa ndani wasiokaa na wanaume wageni waliweza kwenda, wakatazama, wakalia, wakacheka kwa sauti. Ukitoka hapo, wiki nzima ni mazungumzo. Nyimbo nazo zikaingia kwenye taarabu, maana muziki mwingi wa taarab wa wakati ule ulichukua mahadhi ya sinema za Kihindi. Awaara ilikuwa juu kabisa ya zote. Hata siyo kwetu tu. Urusi na nchi zake ilioneshwa kuanzia 1954 ikapendwa mno. Ni sinema iliyozunguka dunia.

Bibi yangu mzaa mama aliolewa mdogo, akapelekwa Dar kwa mume aliyekuwa anabeba mizigo bandarini. Sinema zilizopendwa zilikuwa zinarudishwa kila baada ya muda, kwa hiyo yeye aliiona Awaara ikiwa tayari ina miaka mingi. Kihindi hakujua hata neno. Nilimuuliza utotoni, sasa bibi ulielewaje? Akanijibu, "Mjukuu wangu, mwanamke mwenye mimba akitolewa nje usiku wa mvua, unataka mkalimani wa nini?"

Kitu kingine kilichomkaa ni yule Rita. Mwanamke amevaa joho la mahakama anamuuliza hakimu maswali, na hakimu anajibu. Bibi alisema hakuwahi kuwaza jambo hilo. Alikuja kuliwaza tena 1975, aliposikia redioni kwamba Waziri wa Sheria wa Tanzania ni mwanamke, Julie Manning. Alisema, "Rita amefika kwetu."

Reli ya TAZARA ilipokwisha wakarudi nyumbani kwa treni, na bibi akarudi na sinema yake kichwani. Televisheni Tanzania Bara hatukuwa nayo mpaka 1994. Kwa hiyo mimi na wajukuu wenzangu Awaara tuliijua kwa kusimuliwa, jikoni, tukichambua mchele. Nilipokuwa msichana ndipo tukawa na mabanda ya video hapa Ifakara. Mnakumbuka? Viti vya mbao, jenereta nje, shilingi chache mlangoni, na sinema zenye sauti ya mtu anayetafsiri juu yake. Mkali wao alikuwa Lufufu. Huyo hakuwa anatafsiri tu, alikuwa anaongeza na chumvi yake, Mhindi wa Bombay anazungumza kama mtu wa Manzese. Sisi tukadhani ndicho kitu kipya kabisa. Kumbe bibi alikuwa ameshaifanya kazi hiyo jikoni siku nyingi.

SEHEMU YA 4: Siku 280

Sasa twende kwenye hesabu. Naomba msiruke hapa, hii ndiyo sababu ya kuandika yote haya.

Nesi anapoandika kwenye kadi "wiki 20", hahesabu kuanzia siku mliyokutana. Anahesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kwa nini? Kwa sababu siku mimba ilipotunga hakuna anayeijua kwa uhakika, lakini siku ya hedhi mwanamke wengi wetu tunaweza kuikumbuka. Ni utaratibu wa dunia nzima, siyo wa Ifakara. Kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, yai linatoka karibu siku ya 14. Maana yake ni kwamba wiki 2 za mwanzo zilizoandikwa kwenye kadi, mimba ilikuwa bado haipo!

Tuchukue mfano wa tarehe. Mama aliona hedhi tarehe 1 Julai. Mume akarudi toka shamba tarehe 13 Julai. Mimba ikatunga karibu tarehe 15. Mama akaja kliniki tarehe 18 Novemba. Kutoka 1 Julai mpaka 18 Novemba ni siku 140, ndizo wiki 20. Nesi ameandika sawasawa. Lakini kutoka siku baba aliporudi mpaka siku hiyo ni siku 128, yaani wiki 18 na siku 2. Baba akihesabu wiki 20 kurudi nyuma anafika tarehe 1 Julai, na tarehe 1 Julai yeye yuko kwenye dungu anafukuza ndege. Anaona amekamata mwizi. Kumbe amekamata hedhi ya mke wake.

Kipimo cha utrasaundi nacho kinatumia hesabu hiyohiyo ya hedhi, hata kama hakikuuliza tarehe. Kikisema wiki 20 kinamaanisha wiki 20 za kadi. Halafu kinakadiria. Kipimo cha miezi mitatu ya mwanzo kinakosea kwa siku chache, kama wiki moja hivi. Cha mwisho wa mimba kinaweza kupishana wiki 2 hadi 3, kwa sababu watoto wanakuwa wakubwa na wadogo kama sisi tulivyo warefu na wafupi. Kwa hiyo usichukue karatasi ya utrasaundi ya mwezi wa nane ukaenda nayo kwenye kikao cha ukoo.

Hesabu ya mimba kamili ni siku 280, wiki 40. Wachache sana wanajifungua siku hiyohiyo. Wiki 37 mpaka 42 ni kawaida. Mtoto "aliyewahi" kwa wiki 2 siyo ushahidi wa chochote.

Na mjue kwamba hizo siku 280 ziko hata kwenye sheria. Tanganyika ya Waingereza ilitumia Sheria ya Ushahidi ya India, ya 1872. Mwaka 1967 tukatunga yetu, na kifungu hiki kikabaki: mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa halali, au ndani ya siku 280 baada ya ndoa kuvunjika mama akiwa hajaolewa tena, anahesabiwa ni wa ndoa hiyo, isipokuwa ithibitishwe kwamba mume na mke hawakuweza kabisa kukutana wakati mimba inatungwa. Yaani sheria ileile iliyopaswa kumwongoza hakimu Raghunath kwenye sinema, ndiyo iliyofika mpaka huku kwetu Kilombero. Inasema anayedai mtoto siyo wake ndiye alete ushahidi. Minong'ono ya mtaani siyo ushahidi.

Tena mwaka 1971 ikaja Sheria ya Ndoa. Hiyo ilisema ndoa ni hiari ya mume na mke, na kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Ilimpa mume wajibu wa kumtunza mkewe, na ikaweka mabaraza ya usuluhishi wa ndoa ili watu wasikilizwe kabla ya kuvunja nyumba. Ina upungufu wake, hasa ule umri wa binti wa miaka 15, ambao Rebeca Gyumi aliupeleka mahakamani, Mahakama Kuu ikauona haufai mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani ikakubali 2019. Lakini lile wazo la kusikiliza kwanza lipo kwenye sheria yetu zaidi ya miaka 50.

Niseme na hili kwa ukweli, maana kuna baba atauliza. Hesabu ya nesi haithibitishi baba ni nani. Mimi siwezi kukuapia mtoto ni wako kwa kutumia kalenda. Ninachoweza kukuonyesha ni kwamba sababu unayoishika siyo sababu. Anayetaka uhakika wa damu, vipimo vya vinasaba vina sheria yake ya 2009, na vinafanyika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kwa utaratibu wake. Sura ya mtoto, rangi ya masikio, na maneno ya wifi havimo kwenye sheria hiyo.

SEHEMU YA 5: Tulichofanya

Narudi kwa yule mdada. Presha niliipima mara ya pili, bado iko juu. Tukamfanyia vipimo, daktari akamwona, akaanza dawa. Nikamwomba namba ya mumewe. Akakataa kwanza, akasema utaniongezea balaa. Nikamwambia sitamgombeza, namwita kama tunavyowaita wababa wote.

Akaja siku ya tatu, na mjomba wake. Amenuna. Nikampa shikamoo yule mzee, nikawakaribisha viti. Sikuanza na ndoa. Nilichukua kalenda ya ukutani na kalamu, nikamwambia, "Kaka, nisaidie. Wewe ulirudi lini?" Akataja. Nikaweka alama. Nikaweka alama ya hedhi. Nikamwonyesha tunavyohesabu. Halafu nikampa kalamu ahesabu mwenyewe. Akahesabu mara ya kwanza, akahesabu mara ya pili. Yule mzee ndiye aliyeanza kusema: "Sasa wewe kijana, hukuuliza hata?"

Akanyamaza muda mrefu. Halafu akaniuliza swali ambalo sijalisahau: "Sasa nesi, kwa nini hamkutuambia?"

Jamani, nilikosa jibu. Kwa sababu ni kweli. Nilimjazia mke wake kadi, nikaandika wiki 20, nikamwambia tarehe ya kurudi, nikaita mwingine. Foleni ilikuwa ndefu, ndiyo, lakini maelezo yale yanachukua dakika 2. Sisi wauguzi tunaandika namba, namba inakwenda nyumbani peke yake, na huko inakuta mtu mwenye wasiwasi na jirani mwenye mdomo. Tangu siku hiyo hakuna kadi ninayoijaza bila kusema: "Hii inahesabiwa toka hedhi, mimba yenyewe ni pungufu kwa wiki kama 2. Mwambie na baba."

Alimrudisha mkewe nyumbani wiki ileile. Alijifungua salama, mtoto wa kike, kilo 2.9. Baba alikuja na kanga mpya na chupa ya chai. Nilifurahi sana, nikadhani yameisha.

Alipokuja na mtoto kwa chanjo nikamuuliza, vipi nyumbani? Akasema tunaishi. Halafu akasema taratibu, "Lakini dada, siku nikikumbuka nimesimama barabarani na lile begi, sipati usingizi." Mume hajawahi kusema samahani. Alinunua kanga, alinunua na kuku, lakini neno lenyewe halijatoka.

Hapo nikaelewa kitu kwenye sinema ya bibi ambacho nilikuwa sijakielewa. Zamani nilidhani inasikitisha kwa sababu hakimu alichelewa kujua ukweli. Lakini hata angejua siku ya pili yake, Leela angekuwa ameshatolewa nje. Mume akishamwambia mkewe "mwenye mimba yake mfuate", kalenda inaweza kurekebisha tarehe, haiwezi kulirudisha lile neno. Linarudishwa na aliyelisema, kwa mdomo wake.

Wakristo kati yetu mnajua Yusufu naye alitaka kumwacha Mariamu kwa jambo hilihili, na Waislamu mnajua Maryam alivyosemwa na watu wake aliporudi amebeba mtoto. Habari ya mwanamke kuhesabiwa miezi ni ya zamani kuliko sinema. Hata jina la yule hakimu, Raghunath, kwa Wahindi ni jina mojawapo la Rama, mfalme wa hadithi zao aliyemwacha mkewe Sita akiwa mjamzito kwa sababu ya maneno ya watu. Waliotengeneza Awaara walijua wanamsema nani.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, halafu niwaache mkalale.

Mama, andika tarehe ya kwanza ya hedhi yako kila mwezi. Kwenye simu, kwenye daftari la madeni, nyuma ya mlango, popote. Siku ukija kliniki usikadirie.

Baba, njoo kliniki, hasa hudhurio la kwanza. Tunakupima na wewe, tunakueleleza na wewe. Kama una swali kuhusu tarehe, niulize mimi kabla hujamuuliza jirani. Sitakucheka. Kama ulishamwambia mkeo neno kama lile, na sasa umejua, usiishie kununua kanga.

Mama mkwe, shikamoo. Wewe una nguvu kuliko mimi na daktari. Ukisikia kijana wako anahesabu vidole, mwambie aje hospitali na kalenda.

Mwenye kadi ambayo hesabu zake hazimwingii akilini aje nayo. Niko zamu ya usiku mpaka Alhamisi, halafu nina mapumziko siku mbili, baada ya hapo nipo kliniki asubuhi. Wiki ijayo tutaongea kuhusu presha ya mimba, maana huyu mdada alinusurika na wengi hawajui dalili zake.

Usiku mwema, na mvua hii mfunge madirisha, watoto walale ndani ya chandarua.